Mji wa Tangulia Wewe

Hii nimeipokea jana, nami naipitisha kama ilivyonifikia. Usiisome ukiwa unatembea. Kaa kwanza, egemea mahali, kisha isome polepole, kwa sababu nusu yake imo ndani ya ukungu.

Palikuwa na mtawala mmoja, Mtemi Sagali, na nchi yake ilikuwa vilima vitupu. Kule ukungu hushuka alfajiri ukakaa mabondeni hadi karibu na adhuhuri. Ukisimama mlangoni kwako unaona vilele tu, vinaelea, na huwezi kusema kwa uhakika kama umeshaamka. Ni nchi nzuri. Watu wake walikuwa na kasoro moja tu, midomo.

Sijui nikwambieje unielewe. Walitukanana kisimani, walitukanana shambani, walitukanana msibani marehemu hajafunikwa. Kila asubuhi baraza la Mtemi lilijaa kesi za matusi. Huyu kaambiwa ana kichwa kama kinu. Yule kaambiwa mama yake anapika ugali wa kuzibia nyufa za ukuta. Siku moja waliletwa ndugu wawili waliogombania zamu ya kuchota maji mpaka mmoja akapoteza jicho. Mtemi alipouliza ni nani aliyeanza, wakaanza upya palepale mbele yake.

Siku hiyo Mtemi hakula. Alikuwa amechoka na watu wake, na aliwapenda, na mambo hayo mawili yalimkosesha raha.

Ndipo akaja mgeni mmoja, muuza bunduki, mtu mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Alikaa barazani, akasikiliza kesi mbili tatu, akatabasamu.

"Mtemi," akasema, "hawa hawana adabu kwa sababu hawaogopani. Mpe kila mmoja bunduki. Hakuna mtu anayemtukana yule anayeweza kumuua."

"Na wakiuana?"

"Watauana wawili watatu mwanzoni. Baada ya hapo utasikia hata nzi akipita."

Mtemi hakuwa mjinga. Hakutaka kuijaza nchi nzima bunduki kwa neno la mtu mmoja. Akachagua mji mmoja, Igalamo, ng'ambo ya bonde, akaamuru kila mtu mzima wa pale, mwanamume na mwanamke, apewe bunduki, na mtu yeyote, hata mgeni, asionekane nje bila bunduki begani. Atakayeonekana bila bunduki atahamishwa mji. Ulikuwa mwaka mmoja wa majaribio. Watu wa Igalamo wakionekana kuwa na adabu, nchi nzima itafuata. Muuza bunduki akaaga, akasema atarudi kusikia jibu.

Mwaka ukaisha. Mtemi hakutaka kutuma mtu akamletee habari, maana alijua wanaotumwa na watemi hurudi na kile mtemi anachopenda kusikia. Akavua mavazi yake, akajifunga kaniki kuukuu, akajitwika mzigo wa ukindu, akaondoka peke yake kama msuka mikeka anayetafuta wateja.

Aliingia Igalamo asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito. Kitu cha kwanza alichokutana nacho ni utulivu. Watu walikuwepo, tena wengi, ila walitembea taratibu na kuongea kwa sauti ya chini. Walijitokeza kwenye ukungu mmoja mmoja, bunduki begani, nyingi zimeshonewa mifuko ya kitenge kufanana na nguo ya mwenyewe. Kila aliyemwona Mtemi alisimama hatua kumi mbali, akatabasamu, akaonyesha viganja vyake vitupu.

"Shikamoo, mzee. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu sana Igalamo. Unisamehe kama nimesimama njiani mwako."

Wala hakuwa amesimama njiani mwake. Njia ilikuwa pana, ng'ombe wanne wangepita sambamba. Mtemi akaendelea kutembea huku akijiuliza ni lini mara ya mwisho aliombwa msamaha na mtu asiyemjua.

Pale langoni alipoingia walikuwa wamemwazima bunduki, maana hata mgeni hakuruhusiwa kutembea bila kuwa nayo. Sheria aliitunga mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na wa kumlalamikia. Sasa ilikuwa imeanza kumuuma begani.

Akapita kisimani. Watu walisubiri zamu katika nusu duara, wametengana vizuri, hakuna kusukumana, hakuna ndoo iliyogonga ndoo. Akapita sokoni. Wauzaji wote walikuwa wamekaa pembezoni, migongo imeegemea kuta, na katikati ya soko palikuwa patupu kabisa, ukungu tu ndio uliokaa pale kama mteja asiyejua anachotaka. Hakuna aliyepiga kelele kuita wanunuzi. Hakuna aliyebisha juu ya fungu la viazi. Mtemi alijiona kama anatembea ndani ya ndoto ya mtu mwenye roho safi, akaogopa kukohoa asije akaiharibu.

Lakini kilichomliza ni kitu kingine. Katika baraza lake kuna desturi: mtu akimaliza shauri lake hageuki akaenda zake. Huondoka kinyumenyume, uso kwa Mtemi, hadi nje ya uzio, kwa sababu kumpa Mtemi mgongo ni kumdharau. Sasa pale Igalamo akamwona muuza viazi akiagana na mteja wake kinyumenyume. Akawaona majirani wawili wakiachana njia panda kinyumenyume, taratibu, wakiinamishiana vichwa, mpaka ukungu ukawachukua. Machozi yakamtoka Mtemi Sagali pale pale barabarani.

"Kumbe," akajisemea, "hapa kila mtu amemfanya mwenzake mtemi."

Akapata malazi kwa mchonga mizinga ya nyuki aitwaye Luhende na mkewe Minza. Walikuwa wameoana miaka saba, na sasa ndiyo kwanza Minza alikuwa na mimba yao ya kwanza, imekaribia kabisa. Luhende alikuwa amekwisha kuchonga mzinga mdogo ambao nyuki wasingeweza kuutumia kwa lolote. Ulikuwa kitanda cha mtoto. Kila akipita karibu nao aliupangusa kwa kiganja ingawa haukuwa na vumbi.

Mtemi akakaa nao siku tatu akisuka mkeka. Kusuka alikuwa hakujui, na hilo si jambo la ajabu kwa mtu aliyezaliwa ikulu. Mkeka wake ulianza upana wa mlango ukaishia upana wa mkanda. Wapita njia waliusifu. "Mkeka wa namna hii haujawahi kuonekana hapa kwetu," alisema mmoja, na hakusema uongo.

Minza peke yake ndiye aliyeuangalia akashindwa kujizuia.

"Babu," akasema, "huu mkeka umeusuka ukiwa unakimbizwa?"

Akacheka, kicheko cha tumboni, mimba yote ikitikisika. Mara akaacha. Mkono ukaenda mdomoni, macho yakaenda kwenye bunduki ya mgeni. Luhende alikuwa ameshasimama katikati yao.

"Nisamehe, babu," Minza akasema, sauti imebadilika. "Ni mkeka mzuri. Mzuri sana."

"Endelea kucheka, mama. Ni kweli ni mbaya."

"Hapana, babu. Ni mzuri."

Mtemi alitamani kile kicheko kirudi. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amtanie. Hakikurudi, naye akadhani hiyo pia ni adabu, tena akamsifu moyoni kwa malezi mema. Siku ya tatu jioni akakata shauri: akirudi atamwambia muuza bunduki alete za nchi nzima. Alilala usingizi mtamu.

Asubuhi ya siku ya nne uchungu ukamshika Minza.

Mkunga wa Igalamo alikuwa bibi Nyamizi. Aliishi juu ya kilima cha pili, na miguu yake ilikuwa imevimba miaka mingi, hatembei. Kwa hiyo wajawazito walipelekwa kwake kwa machela, blanketi lililofungwa kwenye mti mrefu, mmoja anabeba mbele na mwingine nyuma. Kijia cha kupanda kilimani kilikuwa chembamba, nyasi ndefu huku na huku, watu hawawezi kupita wawili sambamba. Ni mwendo wa saa moja, kwa kupokezana.

Majirani walifika upesi, watu kumi na wawili. Ningesema uongo nikisema hawakuwa na huruma. Wanawake walileta maji ya moto na kanga safi, wanaume walikaza kamba, na wote walizungumza na Minza kwa upole mpaka akalazwa kwenye machela. Luhende akashika upande wa nyuma. Ikabaki mbele.

"Tangulia wewe, Maganga," akasema jirani mmoja, Shija. "Wewe ni mkubwa wangu."

"Hapana, ndugu yangu. Siwezi kukuvunjia heshima. Tangulia wewe."

"Labda mama Ngolo, yeye anaijua njia."

"Nashukuru kwa kunikumbuka. Ila mbele yenu mimi ni nani? Tangulieni nyinyi."

Mtemi alisimama kando akisikiliza, moyo wake umejaa. Alikuwa anafikiria jinsi atakavyolisimulia jambo hili barazani. Watu wanagombania kupishana! Kisha Minza akaguna ndani ya blanketi, na wale watu wakaanza kupishana upya, kuanzia kwa Shija.

"Jamani, mke wangu," Luhende akasema.

"Pole sana, Luhende. Tupo pamoja. Maganga, tangulia."

"Nakupisha wewe kwanza."

Jua lilikuwa limeanza kuonekana nyuma ya ukungu, duara jeupe lisilo na joto. Minza akaguna tena, safari hii kwa muda mrefu. Mtemi akachoka kusubiri.

"Basi nitabeba mimi," akasema. Akapita mbele, akashika mti wa machela, akageuka kukitazama kilima.

Na hapo kitu kikamshika mgongoni.

Hakuna aliyemgusa. Ni mgongo wenyewe tu. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuwa nyuma ya Mtemi Sagali bila mlinzi kuwepo, na sasa nyuma yake kulikuwa na bunduki kumi na tatu, asizoziona, mikononi mwa watu asiowajua, na mmoja wao alikuwa mume aliyechanganyikiwa kwa hofu. Ngozi ikamsisimka kuanzia kiunoni hadi kisogoni. Akajiambia apige hatua. Mguu ukakataa. Akahesabu moja, mbili, akajiambia tena. Mguu ukakataa. Kisha, kabla hajaamua lolote, akajikuta amegeuka, ameshawatazama.

Wote walikuwa wanamwangalia kwa heshima. Wote walielewa.

"Na wewe pia, babu," Minza akasema kutoka kwenye blanketi, jasho likimtiririka. "Hapa hatupeani mgongo. Hujaona tunavyoagana? Hujaona tunavyokaa sokoni? Mwaka mzima sijaona kisogo cha jirani yangu."

Ndoto ikamtoka Mtemi. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa kubwa kuliko hofu. Akaingiza mkono ndani ya kaniki, akatoa gamba jeupe la kitemi ambalo hakuna mwingine nchini anayelivaa.

"Mimi ni Sagali, Mtemi wenu," akasema. "Sheria ya bunduki niliiweka mimi, na sasa naiondoa. Wekeni bunduki zenu chini, wote, tumpeleke huyu mama."

Walipiga magoti. Mikono ikaenda mabegani, mikanda ikateremshwa, bunduki zikashuka hadi magotini. Zikasimama hapo. Kila mtu akawa anaangalia mkono wa mwenzake.

"Tangulia kuweka wewe, Shija," akasema Maganga kwa upole.

"Nitaweka, ndugu yangu. Baada yako."

"Mama Ngolo, tafadhali, anza."

"Nipo tayari kabisa. Nakusubiri wewe."

"Ni amri," Mtemi akasema. "Wekeni."

"Tunatii, Mtemi," wakajibu wote, na hakuna hata bunduki moja iliyogusa ardhi.

Minza akainua kichwa. "Mtemi," akasema, "na yako bado iko begani."

Mtemi akaishika. Akataka kuishusha. Nakwambia ukweli, alitaka kwa moyo wake wote, na vidole vyake vikabaki juu ya mkanda, havifungui wala haviachii. Alikuwa anawaangalia wale kumi na wawili, na wale kumi na wawili walikuwa wanamwangalia yeye.

Kisha kikasikika kishindo kwenye majani. Luhende alikuwa ameitupa yake. Hakusema tangulia wala hakusema nini. Aliacha mti wa nyuma, akapita katikati yao wote mikono mitupu, akashika mti wa mbele, akawapa mgongo.

"Kama kuna wa kunipiga, anipige," akasema bila kugeuka. "Kama kuna wa kubeba, abebe."

Ndipo Mtemi akaiweka yake chini, akashika upande wa nyuma. Wakaanza kupanda wawili peke yao, mchonga mizinga na mtemi mzee, wakamwacha kila mtu palepale, amepiga goti, anampisha mwenzake.

Saa nzima Mtemi hakuwa na kitu kingine cha kutazama ila mgongo wa Luhende. Shati lilikuwa limelowa chapachapa na kugandia. Kila kijiti kilipovunjika nyuma yao, mabega yale yalijikunja, yakasubiri, kisha yakanyooka tena na mguu ukapiga hatua. Mtemi alikuwa amesikiliza maelfu ya kesi za watu wake na hakuwahi kumwona mmoja wao karibu namna hii. Alilia njia nzima, naye Luhende hakujua, kwa sababu hakugeuka hata mara moja.

Bibi Nyamizi aliwapokea mlangoni kwake, amekaa, mikono ameshaiosha. Akawatoa nje. Walikaa kwenye nyasi mpaka ukungu wote ukaondoka na bonde lote likaonekana, mji wa Igalamo ukiwa chini kabisa, mdogo, umetulia.

Minza alipona. Mtoto, wa kike, alikuwa amekaa njiani muda mrefu mno.

Bibi Nyamizi akamleta amefungwa kwenye kanga, akamweka mikononi mwa baba yake. Alikuwa mzee, ameona mengi, lakini alikuwa na hasira.

"Mngefika nusu saa kabla, angelia huyu," akasema. "Nani amewachelewesha?"

Luhende akamfunika mtoto uso kwa pindo la kanga.

"Hakuna, bibi," akasema. "Watu wote walikuwa na adabu sana."

Siku chache baadaye muuza bunduki akarudi barazani na sauti yake ileile ya kubembeleza.

"Mtemi, wamekuwa na adabu au hawakuwa?"

"Wana adabu kuliko watu wote niliowahi kuwaona."

"Hawatukanani?"

"Hawatukanani. Na wiki hii tumezika mtoto kwa sababu ya adabu hiyo. Ondoka."

Kuzigawa bunduki zile kulichukua asubuhi moja. Kuzirudisha kulimchukua Mtemi Sagali miaka yote iliyombakia, na alikufa hajamaliza. Alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, bila mlinzi, na hakuna aliyemkatalia. Kila nyumba ilimkaribisha vizuri, ikampa kiti, ikamwambia iko tayari kabisa, akishaanza jirani.

Funzo: Anayekupisha kwa kuogopa risasi yako hajakuheshimu, anakusubiri tu; mji wenye heshima ni ule ambao mtu anaweza kumpa jirani yake mgongo na akaendelea kutembea.